Nukta Nyekundu na Mnara wa Hollis

Jumatatu, tarehe 13 Oktoba

Siku kubwa. Naandika haraka, naomba radhi kwa mwandiko. (Namwomba nani? Hakuna asomaye humu ila mimi. Lakini adabu ni adabu.)

Tangazo limebandikwa leo kwenye mlango wa maktaba ya shule. Jumapili ni Siku ya Milango Wazi. Majengo yote ya kale ya jiji letu la Dunedin yatafunguliwa, hata yale ambayo mwaka mzima tunayatazama kutoka ng'ambo ya barabara kama watoto wanaotazama keki dukani. Na mwaka huu, kwa mara ya kwanza, msafara mmoja utaongozwa na mwanafunzi. Mmoja tu. Msafara huo utamalizikia juu kabisa ya Mnara wa Hollis.

Mnara wa Hollis. Nimeuandika mara ya pili kwa sababu unastahili. Ghala la zamani la sufu, saa yenye nyuso nne, mlango uliofungwa kwa umma tangu kabla sijazaliwa. Nauona kutoka dirisha la chumba changu. Nina madaftari mawili juu yake. Najua idadi ya ngazi zake, mia moja na kumi na mbili, na sijakanyaga hata moja.

Masharti ni haya. Jumamosi saa nne asubuhi, kila anayeitaka kazi asimame mbele ya Chama cha Marafiki wa Majengo ya Kale na kueleza njia yake yenye vituo vitano. Kituo cha tano lazima kiwe kitu kisichotajwa katika kijitabu chochote cha jiji.

Vituo vinne ninavyo tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja. Tatizo la kwanza: sina cha tano. Tatizo la pili: kusimama mbele ya watu. Kiwango changu cha juu ni watu wawili, na mmoja wao awe Bibi.

Tatizo la tatu lina jina. Petelo Faleafa wa darasa letu amejiandikisha mstari mmoja juu yangu. Petelo huimba sauti nzito kanisani, hucheza raga, na huwasalimu madereva wa basi kwa majina yao. Hawezi kutofautisha nguzo na bomba la maji ya mvua. Aliponiona naandika jina langu alinipiga begani na kusema, "Profesa, afadhali tuko wote, ndugu yangu, maana mimi sijui lolote." Ujanja wa wazi. Anataka nijisahau.

Jioni nilimsimulia Bibi. Akasema kama ninachotaka ni kuuona mnara, si nimwombe tu Bi Dalrymple, mwenyekiti wa chama? Walisoma pamoja. Namba yake iko ukutani karibu na simu. Nikamweleza kwa upole kwamba hakuna mtu makini anayeingia mahali pa kihistoria kwa kupiga simu. Bibi akaniongezea viazi.


Jumanne, tarehe 14 Oktoba

Nimekipata kituo cha tano. Naandika nikiwa na soksi zilizoloa na sijali.

Baada ya shule nilizunguka majumba ya sanaa matano kwa miguu, mvua yenye chembe za barafu ikinipiga ubavuni. Katika la kwanza kulikuwa na vyungu. Katika la pili, video ya mwanamke anayemenya tufaha kwa dakika arobaini (nilikaa zote arobaini, nikiogopa kutoka mbele ya mlinzi). La tatu lilikuwa limefungwa. La nne, vyungu tena. La tano ni lile dogo liitwalo Chumba cha Nyuma, ndani ya ghala la zamani la mbegu, Mtaa wa Vogel. Kuta za matofali, mihimili ya mbao ambayo bado ina alama za shoka. Ningefurahi hata kama pasingekuwa na picha.

Lakini picha ilikuwepo. Kwenye ukuta wa mwisho, upana wa mkono wangu ulionyooshwa. Chumba cha saa cha Mnara wa Hollis, kwa ndani. Uso wa saa unaonekana kwa nyuma, namba zimegeuka, na mwanga unapita kwenye kioo cheupe na kulala juu ya sakafu ya mbao kama shuka lililoanikwa. Nilisimama pale mpaka vioo vya miwani yangu vikaingia ukungu.

Mwenye jumba, Bi Pirret, huvaa nguo nyeusi na huzungumza kana kwamba kuna mgonjwa amelala chumba cha pili. Alininong'oneza kwamba mchoraji ni Mzee Rewi, fundi mstaafu wa karakana ya reli. Kwa miaka mingi ndiye aliyepanda mnara kila Ijumaa kuitia saa ufunguo. Anachora tangu miaka thelathini iliyopita na hajawahi kuuza picha hata moja. Kisha akasema kwa matumaini kwamba Alhamisi meli ya watalii inatia nanga Port Chalmers, na watu wa meli wakinunua hubeba siku hiyo hiyo, kwa kuwa meli haimsubiri mtu.

Yeye aliyasema kwa matumaini. Mimi niliyasikia kwa hofu. Alhamisi. Msafara ni Jumapili.

Mpango ulikuja wenyewe. Picha ikishauzwa, hubandikwa nukta nyekundu kando ya jina lake, na kuanzia hapo hakuna mtu anayeigusa. Kila anayeingia majumba ya sanaa anajua. Mimi, kwa bahati, hutembea na karatasi nzima ya nukta nyekundu, za kuweka alama kwenye ramani yangu ya majengo. Simu ikalia. Bi Pirret akaenda kuipokea.

Nukta moja. Sijaiba. Sijaharibu. Nimebandika. Jumapili jioni nitaibandua na dunia itarudi ilivyokuwa.


Jumatano, tarehe 15 Oktoba

Wakati wa chakula cha mchana nilipita kuitazama nukta yangu. Nikakuta watu sita na chai.

Inavyoelekea, Bi Pirret anadhani msaidizi wake wa jioni ndiye aliyeiuza picha, na msaidizi anadhani ni Bi Pirret. Kila mmoja amempongeza mwenzake. Na wamempigia simu Mzee Rewi.

Alikuwa pale. Mtu mfupi, koti la kanisani, mikono mipana yenye makovu madogo meupe. Alikuwa amebeba sinia la roli za jibini alizozioka mwenyewe, mkate umekunjwa na kupakwa siagi mpaka ukawa rangi ya dhahabu, na alikuwa akimpa mkono kila mtu, hata mtu aliyeingia kuuliza njia. Alinifikia mlangoni, nikiwa tayari nimegeuza mguu mmoja nje.

"Miaka thelathini, mjukuu wangu," akaniambia. "Marehemu mke wangu alikuwa akisema nitazikwa na picha zangu, nazo zitengenezewe jeneza lao."

Akaniuliza kama picha naipenda. Nikasema ndiyo. Akanipa roli. Nikaila. Akanipa nyingine. Nilikula nne, kwa sababu mdomo uliojaa hauwezi kuulizwa maswali.

Kisha akaingia nani? Petelo. Kumbe ni jirani wa Mzee Rewi, ukuta kwa ukuta. Akamkumbatia mpaka miguu ya mzee ikaachana na sakafu, akimwambia, "Mzee wangu, umekuwa tajiri, sasa utaacha kutusalimu." Mzee akamjibu kwamba hata kabla ya utajiri alikuwa akimsalimu kwa shida. Watu wakacheka.

Sikuhitaji kupeleleza. Petelo alitangaza mwenyewe, huku anatafuna, kwamba kituo chake cha tano ni Mzee Rewi. Atamsimamisha chini ya mnara na kumwacha asimulie. "Kijitabu gani kimemtaja huyu?" akauliza.

Sikulala vizuri mchana huo darasani kwa kuwaza. Mtu hawezi kuwa kituo. Mtu hana mwaka wa kujengwa. Nimeandika pingamizi la kurasa mbili.

Nukta haikubanduka. Ningeibandua vipi, wakati mzee mwenyewe amesimama mbele yake akiitazama kuliko anavyoitazama picha?


Alhamisi, tarehe 16 Oktoba

Meli.

Nilifika mbio kutoka shule na kujificha nyuma ya sanamu ya shaba ya kondoo. Ndani kulikuwa na mume na mke kutoka Kanada, makoti ya mvua ya rangi moja. Walisimama mbele ya picha ya Mzee Rewi muda mrefu sana. Mke akavua miwani na kujipangusa macho. Mume akamuuliza Bi Pirret. Bi Pirret akaonyesha nukta kwa kidole, uso wake kama wa mtu anayeng'olewa jino. Wakambembeleza. Akasema nukta ni nukta. Wakauliza kama mnunuzi anaweza kubadilisha nia. Akasema angekuwa anamjua mnunuzi angemuuliza.

Walinunua kitambaa cha kukaushia vyombo chenye picha ya kondoo, wakaondoka.

Miguu ilikataa kutoka nyuma ya kondoo. Huenda ni soksi.

Bi Pirret alipofunga mlango nyuma yao alifungua daftari la mauzo na kumwambia msaidizi wake kwenye simu, kwa sauti ambayo kwake ni kelele, kwamba hakuna jina. Nukta ipo, mnunuzi hayupo. Asipojitokeza mtu kufikia kesho saa sita, ataibandua na kumwambia Mzee Rewi kwamba lilikuwa kosa.

Nilimwona mzee yule kichwani mwangu na sinia lake. Hapana. Isitoshe, ikibanduliwa kesho, keshokutwa kuna meli nyingine.

Kwa hiyo: mnunuzi. Nimemuumba leo jioni mezani kwangu, na nasema bila kujisifu kwamba ameumbika. Daktari Septimus Thistlewood, mjane, mstaafu, wa nyumba ya Glenorrin, Invercargill. Jina la nyumba nimelitoa katika kitabu kinene cha nyumba za fahari za kusini, cha mwaka 1961, nilichoazima maktaba. Ina roshani tatu na bustani ya mawaridi. Daktari kama huyu angeishi wapi pengine?

Barua imeandikwa kwa wino, kwenye karatasi za Bibi zenye harufu ya mrujuani. Rasimu tatu. Daktari anaomba radhi kwa kuondoka haraka bila kuacha jina. Anaomba picha ibaki ukutani hadi Jumapili jioni. Kuhusu picha yenyewe anasema hivi: "Nimeona saa nyingi kwa mbele, nazo zote ziliniambia nimechelewa. Hii ni ya kwanza kunikaribisha ndani nikae." Nimeipenda sentensi hiyo. Niliipenda mpaka nikaisoma kwa sauti, nikamwamsha paka.

Haina stempu, kwa hiyo nimeandika juu ya bahasha: kwa mkono wa dereva. Nimeisukuma chini ya mlango wa Chumba cha Nyuma kabla giza halijaingia. Kila kitu kiko sawa.


Ijumaa, tarehe 17 Oktoba

Hakuna kilicho sawa.

Bi Pirret alimsomea Mzee Rewi barua jana usiku ule ule. Mzee akaomba aisome mwenyewe. Akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo, akakaa kwenye kiti. Akasema watu wamewahi kumwambia kwamba picha zake ni nzuri, hasa wakiwa wanaondoka. Lakini hakuna aliyewahi kumwandikia.

Na kwa sababu hiyo ameamua kwamba mtu wa namna ile hapelekewi picha yake na gari la mizigo. Ataipeleka mwenyewe. Jumapili, basi la asubuhi, picha ndani ya blanketi. Lile ombi la kuiacha ukutani hadi jioni amelichukulia kuwa ni adabu tu.

Hayo yote nimeyapata kwa Petelo, wakati wa chakula cha mchana, bila kumuuliza. Alikuwa akitabasamu. Nikamkumbusha kwamba mzee akiwa Invercargill siku ya Jumapili, yeye Petelo hana kituo cha tano. Akasema atapata kingine. Muhimu ni kwamba mzee amefurahi, tangu mkewe afe hajamwona hivi, jana usiku alisikika akipiga mluzi hadi upande wa pili wa ukuta. Kisha akaniuliza kama nitazila chipsi zangu.

Utulivu huu unatia shaka sana.

Nilikaa chini nikapiga hesabu. Picha inaondoka Jumapili, kwa hiyo nami sina kituo. Nimetumia siku nne kuiweka picha ukutani, na ndiyo hiyo inafungwa blanketi. Lazima safari isimame. Lakini kwa heshima, bila kumuumiza mtu.

Daktari Thistlewood ameugua matubwitubwi. Barua ya pili, fupi, mwandiko umeyumba kidogo kwa sababu ya homa. Haruhusiwi kuona wageni wiki tatu. Ugonjwa unaambukiza vibaya. Nimeipitisha chini ya mlango wa Mzee Rewi mwenyewe, nikiwa nimejikunja chini ya dirisha la Petelo, ambaye ndani alikuwa akiimba.

Bibi ameuliza kwa nini karatasi zake zinapungua. Nikasema ni kazi ya shule. Akasema, "Wewe mtoto, ukisema shule macho hukimbilia dari." Nikagundua kwamba nilikuwa naitazama dari. Nzuri sana ile, ya plasta, ya mwaka 1908.


Jumamosi, tarehe 18 Oktoba

Ukumbi wa chama. Watu arobaini na mmoja. Nilihesabu mara tatu, wakabaki arobaini na mmoja.

Bi Dalrymple alikaa katikati ya meza, filimbi ikining'inia shingoni. Husemekana huipuliza akiona mtu anagusa ukuta wa mawe kwa mikono yenye mafuta. Tulikuwa wawili tu kwenye orodha. Kabla hatujaitwa, mlango ukafunguliwa.

Mzee Rewi. Koti la kanisani. Begi mkononi. Picha kwapani ndani ya blanketi. Na sufuria ya supu, mfuniko umefungwa kwa kamba.

Alikuwa amepita tu kumtakia Petelo heri. Safari ameiwahisha, akasema, anaondoka leo saa sita. Daktari yule ni mgonjwa. Matubwitubwi yeye aliugua akiwa na miaka saba, hayamuwezi tena. Na mtu mzima hawezi kuachwa peke yake na homa katika jumba kubwa, hata awe na dereva.

Nilitazama sufuria. Sikuwa nimefikiria supu.

Bi Dalrymple akamuuliza anaelekea jumba gani. Mzee akamjibu kwa fahari: Glenorrin, Invercargill. Bi Dalrymple akavua miwani.

"Rewi," akasema taratibu, "Glenorrin ilibomolewa mwaka themanini na nne. Mimi mwenyewe nililala mbele ya tingatinga. Picha yangu ilitoka gazetini, miguu tu. Pale sasa ni maegesho ya magari."

"Labda daktari anaishi ndani ya gari lake," mtu mmoja akasema, na baadhi wakacheka.

Mzee Rewi hakucheka. Alitoa barua mfukoni, ile ya kwanza, akaikunjua na kuitazama kana kwamba maneno yangeweza kuwa yamehama. Kisha akaikunja tena. Akatua sufuria chini polepole sana.

Mzee mmoja wa chama, mwenye tai ya kijani, akasema huu ni utundu wa vijana, na akamgeukia Petelo. Nani mwingine? Ni jirani. Anamjua mzee, anajua mlango wake, na ndiye anayecheka muda wote. Petelo akasema si yeye. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikuwa hacheki. Mwenye tai akasema jina lake lifutwe kwenye orodha, wakati jambo hili linachunguzwa.

Humu nitaandika ukweli. Jina la Petelo likifutwa, linabaki langu. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa. Kukaa ndicho kitu ninachokifanya vizuri kuliko vyote. Niliiona ngazi ya kwanza ya mnara. Niliiona kwa muda ambao mtu angeusoma mstari huu mara mbili.

Kisha nikakuta nimesimama. Sikuiagiza miguu.

Nikasema ni mimi. Nikasema yote. Nukta. Mume na mke wa meli na kile kitambaa. Daktari, dereva, kitabu cha 1961, matubwitubwi. Nikasema Petelo hajui lolote, na kwamba yeye mwenyewe aliniambia hivyo tangu Jumatatu. Nilipofika mwisho nilijaribu kunyamaza na haikuwezekana. Nikaendelea na mnara: sufu ilivyopandishwa kwa kapi, kwa nini uso wa kaskazini huchelewa dakika mbili (upepo wa baharini, mkono mrefu ni mzito), fundi aliyechonga majani juu ya mlango na kuficha pua ya mwajiri wake ndani yake. Bi Dalrymple alipuliza filimbi. Nilikuwa nimezungumza dakika kumi na moja. Watu arobaini na mmoja, arobaini na wawili na mzee.

Hakuna aliyetoka. Kwa kweli mlango ulikuwa nyuma yangu.

Uamuzi: Petelo ataongoza. Hakuna aliyepinga, hata mimi. Pingamizi la kurasa mbili lilibaki mfukoni.

Mzee Rewi alinijia. Nilifumba macho. Akaniuliza maneno yale kuhusu saa na kukaribishwa ndani, ni yangu? Nikasema ni yangu. Niliyamaanisha? Nikasema kila neno, isipokuwa dereva.

Akaigeuza barua mkononi. "Watu wa Kanada walilia kweli?"

"Mke. Mume alijizuia."

Akairudisha barua mfukoni. Kisha akanipa adhabu yangu. Kesho picha nitaibeba mimi, njia nzima, kifuani, na kila atakayeuliza nimweleze. "Na ole wako uiweke chini," akasema. Supu tukainywa pale pale, kwenye vikombe vya chama. Mwenye tai ya kijani aliomba kuongezewa. Kwanza alimwomba Petelo radhi, lakini kwa kifupi mno kwa maoni yangu.


Jumapili, tarehe 19 Oktoba, saa kumi na nusu alasiri

Naandika haya nikiwa mahali ambapo nitapataja kwa wakati wake.

Msafara: watu thelathini na nane. Petelo mbele, mimi mkiani na picha. Nilisahau kwamba Dunedin ina upepo. Kona ya benki ya zamani picha iligeuka tanga, nikavuka barabara bila kukusudia. Watu waliuliza. Nikaeleza. Sauti ilitoka, hadi kwa makundi ya watu watano. Mwanamke mmoja kutoka Mosgiel, daktari wa meno, aliuliza maswali saba na kusema kesho atapita Chumba cha Nyuma. Mzee Rewi akasema atapita au hatapita, lakini alianza kupiga mluzi.

Petelo aliongoza kwa namna yake. Alisema jengo la bima ni la karne ya kumi na tisa "mahali fulani hapo katikati". Watu walimpenda. Chini ya mnara alimpisha Mzee Rewi, na mzee akasimulia Ijumaa zake zote na ufunguo ule mzito kama mtoto mchanga. Nilisahau kuandika. Mimi, kusahau kuandika.

Kisha mlango. Bi Dalrymple akageuza ufunguo, na Mnara wa Hollis ukafunguka mbele yangu.

Ngazi ni mia moja na kumi na nne. Madaftari yangu mawili yana kosa. Ningezipanda hata zingekuwa elfu. Ukutani kuna majina ya wabeba sufu yaliyochongwa kwa kisu, kuna harufu ya mafuta ya mashine, kuna vizito vya saa vinaning'inia gizani kama ndoo za jitu. Na mwisho kabisa, chini ya chumba cha saa, kuna tundu la mraba la kupandia. Na picha haipiti. Nilijaribu wima, ubavu, na mshazari. Wote walinipita mmoja mmoja wakisema samahani. Nikabaki chini ya tundu, nimekumbatia picha ya kile wanachokiona wao, nikisikia miguno yao ya furaha juu ya kichwa changu.

Petelo akachomoza kichwa. "Profesa, nipe niishike, panda upesi. Bi Dalrymple anataka kufunga."

Nikamwambia adhabu inasema nisiiweke chini. Akasema yeye si chini. Nilimtazama. Kwa nini wema huu? Ameshinda, ana watu thelathini na nane wanaompenda, anapata nini? Hapo nikaelewa. Anataka Mzee Rewi anikute sina mzigo wangu. Nikamshukuru nikakataa. Akainua mabega, akasema basi angalau anichukulie koti, maana natoka jasho. Koti nikampa. Koti halina mtego.

Mimi nilikuwa na mpango wangu. Walipoanza kushuka nilimwomba Mzee Rewi aipokee picha kidogo tu nifunge kamba za viatu. Akaipokea bila neno, akasema naweza kupanda nikaone, atanisubiri. Sikumsikia vizuri, nilikuwa tayari ndani ya kabati la kamba la pale pembeni. Niliyaelewa maneno yake baadaye, mlango wa chini ulipofungwa na ufunguo kugeuka. Bila shaka mzee aliniita, hakujibiwa, akadhani nimetangulia kushuka.

Na nikapanda.

Nipo ndani. Saa nzima sasa. Nyuso nne za kioo, namba kinyume, na mwanga umelala sakafuni vile vile alivyouchora. Nimekaa juu yake. Mtambo unapumua katikati ya chumba. Naona bandari yote, kanisa, kituo cha reli, na dirisha la chumba changu, dogo kama stempu. Sijawahi kuwa na furaha kiasi hiki. Ningependa hilo liandikwe wazi, yatakayofuata yawe yoyote.

Yanayofuata: simu imo ndani ya koti, na koti liko kwa Petelo. Na sasa hivi nimesikia filimbi huko chini. Ufunguo. Sauti ya Bi Dalrymple inaita jina langu lote, na sauti ya Petelo, na, kwa bahati mbaya, sauti ya Bibi. Kwa magoti ya Bibi, ngazi mia moja na kumi na nne ni kama dakika tisa.

Ningeweza kusema tu kwamba nilitaka sana kuona. Lakini hiyo haina mvuto, na mtu angeweza kuuliza mbona sikuomba.

Kwa hiyo: njiwa. Nilisikia kilio. Nikakuta njiwa amevunjika bawa, nikashindwa kumwacha. Bi Dalrymple hawezi kumwadhibu mtu kwa huruma, ni mwanamke aliyelala mbele ya tingatinga. Njiwa wapo humu kumi na wanne, juu ya mihimili. Wote wazima kabisa, ndio ugumu wenyewe.

Nimevua sweta ya kumkamatia mmoja. Yule wa kijivu, karibu na namba nne, anaonekana mvivu.